Shuka la Nyuzi Elfu Moja na Mia Mbili

Wevelgem, Jumapili

Mheshimiwa Mama Mkwe Godelieve,

Pokea heshima zangu, na natumaini goti limepata nafuu. Mimi mkweo Firmin ni mzima, isipokuwa usingizi. Nalalamika kwa barua kwa kuwa kwenye simu huwa hunipi nafasi.

Mama, unanijua. Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, Lisbon hadi Riga, nimelala hoteli ambazo mfalme mwenyewe angebisha hodi mara mbili. Kwenye mambo ya shuka sifundishwi. Nilipoileta nyumbani ile seti ya zambarau, pakiti iliandikwa nyuzi elfu moja na mia mbili. Yale ya kitani uliyompa Hedwig siku ya arusi yetu, yenye herufi za jina lake kwa uzi mwekundu, ukihesabu hayafiki hata mia. Sasa hapo nani kashinda? Malalamiko yangu:

1. Ulialikwa kahawa, ukapanda chumbani na koti lako mwilini. Kufanya kazi kiwanda cha kitani miaka thelathini si kibali cha kukagua kitanda cha mkweo.

2. Ulilamba kidole ukakibandika kwenye shuka langu, Hedwig na jirani Odiel wakitazama. Mate yakakaa juu kama umande kwenye kabichi. Ukasema, "Firmin baba, hili halinywi jasho. Utalala kama samaki kwenye mfuko wa plastiki!" Odiel alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi nasema shuka lisilokunywa lina nidhamu. Laiti Odiel naye angekuwa hivyo.

3. Ulichomoa uzi ukauwasha kiberiti. Ukasema pamba na kitani huacha majivu laini. Wangu ukayeyuka, ukawa kishanga cheusi kigumu. Sawa, nimeona. Lakini Mama, nani hulala huku anaungua? Isitoshe, sasa nimebakiwa na nyuzi elfu moja mia moja tisini na tisa, wala hakuna aliyeniomba radhi.

4. Hedwig alikusikiliza. Akadai shuka linamrushia cheche kwenye nywele, akakwapua mto wake, akahamia kwako. Leo wiki ya tatu. Hili ningeliandika la kwanza, ila mkono ulikataa.

Kwa hiyo naomba: uje unisafishe jina mbele ya Odiel, halmashauri ya mji ipige marufuku mate ya wakwe vyumbani, pia kila mama mkwe afanyiwe mtihani wa kiberiti, tuone nani ataacha majivu laini. Na Hedwig arudi. Yakishindikana hayo mengine, hilo la mwisho linatosha.

Nisalimie shemeji Roza, watoto wake, paka wako, na padri mkikutana.

Mkweo mtiifu, hata ukinikaripia,
Firmin Vandenbulcke

N.B. Jana nilitandika lile shuka lako la kitani, kwa utafiti tu. Dakika tano za kwanza ni gumu kama kadi ya mwaliko. Kisha sijui lilinifanya nini. Jasho lilikwenda, joto likakwenda, nami nikalala mpaka nikakosa misa. Lile la zambarau nimefunikia kuni, mvua haipiti hata tone. Mwambie Hedwig nimelala upande wangu tu. Upande wake bado una mistari ya pasi aliyoipiga mwenyewe, nami nimeogopa kuikunja.