Bahasha ya Kiema na Kitufe cha Christabel

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimefika maktabani saa mbili kasoro dakika kumi. Christabel Awuor, mwangalizi wa kompyuta zetu, amefika saa mbili na robo. Nimeandika.

Bi. Mukonyo, mkuu wa maktaba, ameniita. Amesema meza yangu, inayowaagizia wasomaji makala kutoka maktaba za vyuo vingine, haijapata ombi hata moja kwa miezi saba. Wasomaji hutafuta makala kwenye kompyuta, hubonyeza kitufe, na maktaba yoyote iliyo nayo huituma siku hiyo hiyo. Meza isipopata kazi kufikia Ijumaa itaondolewa, na mahali pake patawekwa mtungi wa maji ya kunywa. Nimeitumikia meza hiyo miaka thelathini na sita. Maji.

Saa tano riziki ikaja. Binti aitwaye Wakio, wa kijiji cha Makwasinyi, anatetea tasnifu yake Ijumaa asubuhi. Inahusu njia za ndovu wanaovamia mashamba ya Kasigau. Msimamizi wake amemwambia kwamba asipokuja na ramani ya zamani ya njia hizo, asisumbuke kuingia chumbani, arudi mwakani. Ramani imo katika makala ya mwaka 1987. Kompyuta ilimpa jina la makala, jina la mwandishi, hata ukurasa. Alipobonyeza kitufe, ikamjibu kwamba hakuna maktaba iliyo nayo.

Nilificha furaha yangu. Nikamwambia asibonyeze tena kitu chochote; makala ataipata kwangu, kwa njia ya heshima, kabla ya Ijumaa. Akasema, "Mzee, usinichezee. Ndovu wamelala kwa shamba ya mama mara tatu mwaka huu, na kijiji kizima kinajua Ijumaa namaliza." Nikamwambia aende akale chakula cha mchana.

Nimemwandikia Kiema, rafiki yangu wa maktaba ya Nairobi. Fomu ya rangi ya waridi, nakala tatu. Karatasi ya kaboni imekauka, kwa hiyo nimeandika mara tatu kwa mkono. Imeondoka na basi la saa nane.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kungoja. Zamani kungoja kulikuwa sehemu ya kusoma. Bahasha ilikuja kwa gari la moshi, na alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la stesheni. Oluoch, karani wa mizigo, alinitania kila mara kwamba mke wake mwenyewe hajamwandikia barua nyingi kama Kiema alivyoniandikia mimi. Bahasha ilikuwa bado na baridi ya safari. Mwalimu mmoja alitoka kijiji cha mbali cha Mata, akafika hapa jioni, akasoma kurasa sita, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kitufe hakimshiki mtu mkono.

Christabel amerudia ombi lake la miaka mitatu: nimpe daftari langu la majarida ya zamani yaliyo stoo, aliingize katika mfumo, ili sisi na vyuo vingine tujue maktaba yetu ya Voi ina nini. Amesema bila daftari hilo sisi ni duka lenye mali na mlango uliofungwa. Nimemjibu kwamba daftari limeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono mmoja, tangu mwaka 1989, na haliingizwi popote. Amesema, "Sawa, mzee wetu. Lala nalo."

Jumatano, 12 Machi

Bahasha haijafika. Wakio amekuja mara nne. Mara ya nne hakuuliza, alisimama tu akinitazama.

Ili meza isionekane tupu, nimejaza fomu sita kwa majina ya wahadhiri wetu na kuzipeleka kwa Bi. Mukonyo. Amezisoma kwa utulivu. Kisha akauliza Mutiso wa idara ya Kilimo anataka makala kuhusu mbaazi kwa kazi gani, ilhali tulimzika mwaka 2016. Akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyesoma wasifu wake kanisani. Nilisema huenda ni Mutiso mwingine. Hakuna Mutiso mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Bahasha imefika saa nne. Nimewaita Wakio na Christabel waje washuhudie. Nikaifungua polepole, kwa kisu cha karatasi, kama inavyopaswa.

Makala ndiyo hiyo. Kila ukurasa una muhuri. Nikausoma muhuri. Ulikuwa wa maktaba yetu. Chini yake, saini yangu, 14 Juni 1994. Kiema ameambatisha kijikaratasi: "Ndugu yangu, hii nakala ulinitumia wewe mwenyewe, nikaiweka kabatini. Jarida lenyewe liko kwako. Pole na uzee."

Christabel alicheka mpaka akashika meza. Wakio hakucheka. Alikuwa amefika kwenye ramani. Fotokopi ya miaka thelathini imepauka. Mlima Kasigau umebaki doa, na njia za ndovu hazionekani kabisa. Akaketi kwenye ngazi ya rafu akafunika uso.

Christabel akaacha kucheka. Akalichukua daftari mezani kwangu bila kuomba. Ukurasa wa arubaini na moja, kwa mwandiko wangu mzuri: mwaka 1987, stoo, kabati la nane. Ndiyo maana kompyuta ilisema hakuna maktaba iliyo nayo. Haikuwahi kuambiwa. Nami sikutazama. Kazi ya meza yangu ni kuagiza kutoka nje, na mtu hajiagizii kwake mwenyewe.

Tulishuka stoo sote watatu. Jarida lilikuwa mahali pake. Ramani ilikunjuka safi, kana kwamba imechorwa jana. Wakio alifuata mstari mmoja kwa kidole kutoka bondeni hadi Makwasinyi, kikasimama. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hapo ndipo kwa mama yake. Ndovu hawakupotea njia. Shamba ndilo lililolimwa juu ya njia yao.

Kisha Christabel akapiga picha ya kurasa zote kwa mashine yake. Dakika nne. Sikutaka kuzihesabu, lakini saa iko ukutani.

Ijumaa, 14 Machi

Wakio amefaulu. Alimkumbatia Christabel kwanza. Mimi alinipa mkono, akasema, "Asante mzee, lakini ungeniua."

Bi. Mukonyo ameamua: meza inaondoka, daftari linaingia katika mfumo, na mimi nitahudumia maombi ya majarida ya stoo hadi nistaafu. Nimelikabidhi. Nimemwonya Christabel asilambe vidole anapofungua kurasa.

Jumatatu, 17 Machi

Daftari limeingia. Kufikia saa nne, vyuo vingine vimetuma maombi tisa. Tisa, kwa asubuhi moja. Hata mwaka 1994 hatukuwahi kupata mengi hivyo. Christabel amenionyesha kazi yangu mpya: fungua jarida, piga picha, bonyeza. Nimemshukuru.

Wiki iliyopita imethibitisha kwamba njia ya zamani haishindwi: bahasha iliahidiwa, bahasha ikafika. Kwa hiyo Christabel alipokwenda kunywa chai, nilitoa fotokopi, nikapiga muhuri kila ukurasa, nikaandika anwani tisa kwa wino. Kisha nikaandika barua tisa za kuwaarifu wasomaji kwamba bahasha ziko njiani. Zote zimeondoka na basi la saa nane.

Alasiri mfumo ulikuwa bado unaonyesha maombi tisa yanayosubiri. Christabel anaamini umeharibika. Amezima kompyuta na kuiwasha mara tatu. Nimemwacha aukague.