Bonge Langu Halibonyei

Jumatatu, 3 Machi
Kiwandani kwetu tunatengeneza povu la alumini. Ndiyo, povu. Alumini inayeyushwa, inatiwa dawa, inaumuka kama unga wa mkate, ikipoa inabaki vitundu vitupu. Ukiinua bonge lake utadhani umebeba mto. Mabonge hayo tunayafunga kwenye nguzo za maghala ili foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, ikigonga, isilete msiba. Leo meneja katangaza: Alhamisi wateja wanakuja. Mimi na Profesa, kila mtu na bonge lake. Mshindi atakuwa mkuu wa karakana. Profesa si profesa. Ni dada wa maabara mwenye kalamu tatu mfukoni. Anajua kila kitu, maskini.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio. Bonge lake lilibonyea hadi nusu. Nikamuuliza mbele za watu kama anajivunia kitu kinachobonyea. Akajibu kwa upole kuwa kubonyea ndiyo kazi yake: bonge likijikunja linameza kishindo, kisimfikie dereva. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikatabasamu. Asiye na nguvu hakosi maelezo.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa yake. Bonge la alumini tupu, halina tundu hata la sindano. Nimelibandika ganda jembamba la povu, nikapaka rangi. Dereva wa foklifti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenisaidia kulibeba. Aliuliza mbona povu linamvunja mgongo. Nikamwambia ni unyevunyevu. Shemeji ni mtu mwema. Aliamini.

Alhamisi, 6 Machi
Wateja watano, viatu vinang'aa. Shemeji akagonga bonge la Profesa: likajikunja kama karatasi, foklifti ikatulia, yeye akashuka anapiga mwayo. Kisha langu. Kishindo kilifika hadi masijala. Bonge halikubonyea hata chembe. Nguzo ilipasuka, na shemeji akabusu usukani. Nikapiga makofi. Peke yangu. Profesa alimkimbilia dereva badala ya bonge, jambo la ajabu, maana tulikuwa tunapima mabonge. Meneja akakwangua rangi yangu kwa ufunguo wa gari. Ganda la povu likabanduka.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji yuko sebuleni kwangu, shingo imefungwa, jino la mbele halipo. Mke wangu hasemi na mimi, anasema na sufuria. Nilimpelekea shemeji supu, nikamweleza kwamba kitaalamu bonge letu ndilo lililoshinda. Akaniangalia sana.
"Shemeji, mimi nilikuamini," akasema.
Kitu kikanichoma kifuani. Bila shaka ni pilipili ya supu. Profesa ndiye mkuu wa karakana.

Jumatatu, 10 Machi
Sijafukuzwa. Profesa amenitetea kwa meneja. Huruma zake zinaudhi kuliko kalamu zake. Nimehamishiwa stoo ya vifaa vya usalama, mahali ambapo, alisema meneja, siwezi kumuumiza mtu. Nimekagua kofia ngumu mia mbili. Sikuamini macho yangu. Kwa nje ngumu, kwa ndani zimetandikwa sponji laini, kama kitanda cha mtoto mchanga. Hivi wanaume wazima wanalindwa na godoro? Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimeng'oa sponji arobaini. Kesho nitawahi nimalize zilizobaki, kabla Profesa hajadai kuwa wazo ni lake.