Masikio Yangu Mazima, Mbovu ni Popu

Kwa Bibi Msimamizi,
Karakana ya Sare,
Ofisi ya nyuma ya kioo.

Bibi Msimamizi mheshimiwa,

YAH: KUKATAA KUPIMWA MASIKIO, NA KUISHTAKI POPU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi juu ya kile kiti chenye mto, mlango umeufunga usisumbuliwe na sisi tunaoshona. Mimi pia ni mzima. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jumatatu ulibandika tangazo ukutani, karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Lina mambo matatu. Kwamba sauti ya redio ya karakana isipite alama ya tatu. Kwamba roki na metali, zilizokuwa na zamu ya Jumanne na Alhamisi tangu siku zile mimi na wewe tulipokuwa na viuno, zimefutwa, na popu itapigwa wiki nzima. Na kwamba fundi wa cherehani namba nne, yaani mimi, aende kupimwa masikio kabla mwezi haujaisha, la sivyo ataondolewa kwenye cherehani apelekwe stoo kupanga majora ya vitambaa.

Miaka kumi na tisa nimeketi kwenye cherehani namba nne. Nimeshona sare za wauguzi, za walinzi, za watoto wa shule ambao leo wana watoto wa shule. Leo hii nikapange majora? Halafu chini ya tangazo, mahali pa shahidi, nikaona sahihi ya binti yangu wa kumzaa, huyu anayeshona vifungo humu humu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nasi nguo ndiyo kazi yetu.

Bibi, masikio yangu hayana kosa. Kosa ni la popu. Naomba univumilie nilithibitishe jambo hili kwa utaratibu, mshono kwanza, pindo baadaye.

1. Popu haisikiki kwa sababu ndani yake hamna kitu. Binti yangu ametoa ushahidi kwamba ikipigwa kaseti yake, mimi hulalamika kwamba sisikii ala. Sasa jamani, mtu akichungulia sufuria tupu akasema haoni nyama, mnampeleka kupimwa macho? Huyo mwimbaji wake, ambaye mimi humwita Malkia Pipi, hana gitaa, hana hata mpiga ngoma. Ana mashine inayogonga pu, pu, pu, kama mtu anayebisha mlango wa choo chenye mtu ndani. Juu ya hizo pu pu kuna mdomo unaonong'ona. Nakiri kwamba sisikii unanong'ona nini. Mwenye la kusema husema. Wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma, lakini hawakuwahi kukutana na popu, ambayo ni debe tupu na kuvuma kwenyewe haivumi.

2. Waimbaji wa popu wameacha kutamka. Chukua wale vijana watano wanaovaa mashati ya rangi moja na kunyoosha vidole kila wakipigwa picha, ambao dada zetu wa pasi wanawalilia. Nimewasikiliza kwa makini, nimesimama karibu na redio hadi pua ikagusa spika, nikagundua kwamba hawana s, hawana f, na t zao zimebaki chache sana. Ni a na o tupu, kama watoto wasioota meno. Watano wazima, na meno yote yale meupe, wanashindwa kufanya kazi ambayo mwenye pengo anaiweza.

3. Usije ukadhani nina upendeleo. Roki nayo nina kesi nayo. Wale Mabaharia wa Vumbi, kaseti zao mbili za kwanza zilikuwa kaseti. Mpiga gitaa alipiga kama mtu anayegombana na mwenye nyumba. Ile ya tatu wakaleta fidla. Ya nne wakavaa mashati meupe na kuketi kwenye stuli. Mtu akishaanza kuimba roki amekaa kwenye stuli, huyo amestaafu, aage tu aende zake. Kwa maoni yangu roki ni metali iliyoitwa nyumbani na mama yake, ikatii. Hata hivyo naivumilia, kwa sababu angalau palikuwa na kitu kabla hakijaharibika.

4. Metali, Bibi, ndiyo muziki. Unaijua kaseti yangu ya Nyundo Saba, maana umewahi kuifungia katika droo yako wiki nzima. Wako wanne, si saba, lakini wanapiga kama saba. Wimbo wao ule mrefu, Tanuri, una dakika kumi na moja. Dakika ya saba gitaa la solo linaingia, jembamba, peke yake, kama uzi unaopita tundu la sindano, halafu linapanda, linapanda, hadi nywele za mkono zinasimama. Mimi hulisikia kila uzi wake, hata hapo kwenye alama yako ya tatu. Sasa naomba ujibu kwa maandishi: masikio yaleyale, redio ileile, alama ileile, yanawezaje kuisikia metali yote na kuikosa popu? Hapo kuna mbovu mmoja tu, na si mimi.

5. Popu inaharibu kazi. Wewe huketi nyuma ya kioo, huoni miguu yetu. Mguu wa fundi hufuata ngoma, apende asipende. Metali haisimami, kwa hiyo nasi hatusimami, na pindo linatoka limenyooka. Popu ina tabia ya kunyamaza ghafla kabla ya kiitikio, ili watu wafikiri kuna jambo linakuja. Hakuna jambo linalokuja. Lakini pale inaponyamaza, vyerehani kumi na viwili vinasimama pamoja. Mama wa pasi ni shahidi yangu: katika shehena ya mwisho ya sare za wauguzi, kila gauni lina fundo la uzi pale pale, vidole vinne chini ya kwapa. Sasa fikiria muuguzi anainua mkono kutundika chupa ya dripu. Mshono unaachia. Muuguzi, kwa heshima zake, anashusha mkono kujisitiri. Chupa inaanguka. Mgonjwa, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, anaishia hapo. Nani atakwenda kuieleza familia yake? Malkia Pipi hatakwenda.

6. Popu inaambukiza. Hili ndilo baya kuliko yote, na nashangaa hakuna aliyelisema kabla yangu. Watu wa karakana hii siku hizi hawasemi, wananong'ona. Mkataji wetu, yule tunayemwita Mkasi, zamani akikohoa alisikika hadi barabarani. Jumanne iliyopita aliniparamia kiunoni kwa toroli la majora, kisha akaapa mbele ya watu kwamba alinipigia kelele mara tatu nipishe. Nilimwambia arudie hizo kelele nizisikie. Akafungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikamtoka, na kilichotoka kilikuwa popu. Kengele ya chakula nayo imeambukizwa; huwa natambua saa imefika kwa kuona watu wanainuka. Na usinidanganye kwamba ni ileile ya zamani, maana ile ya zamani nilikuwa naisikia.

Ugonjwa umefika hadi nyumbani kwangu. Binti yangu husimama nyuma ya kiti changu akingoja kujibiwa jambo ambalo hajalisema. Tangu Jumatatu, chakula cha mchana anakula na wenzake wa pasi. Jioni ananiletea chai, anagonga meza mara mbili kwa kidole, anaondoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea kwa Nyundo Saba tangu akiwa mbelekoni. Alikuwa akilala kwenye solo lile lile, Bibi, mate yakinilowesha shingo, na wimbo ukiisha anaamka kulia. Leo mtu huyo anatia sahihi kwamba baba yake hasikii. Imeniuma, na sioni haya kuiandika.

7. Kwa hayo yote, na kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo. Tangazo libanduliwe na aliyelibandika. Metali ipigwe siku tano, kwenye alama ya tisa, maana dawa ya ugonjwa mkali haiwi hafifu. Roki ipewe Jumamosi nusu siku, kwa huruma. Wapenda popu wote kumi na mmoja wapelekwe kupimwa masikio, na wewe uwe wa kumi na mbili, ingawa sina matumaini makubwa, kwani sikio la kufa halisikii dawa. Binti yangu aandike barua ya kuniombea radhi, nakala tatu, moja ibandikwe pale kwenye ndoo ya maji. Kila sare itakayotoka hapa wakati wa popu ishonewe kitambulisho ndani ya ukosi kinachosema hivyo, ili anayeivaa achague mwenyewe kuinua mkono au kutoinua.

Na kama haya ni makubwa kwako, basi usihangaike kunihamisha. Nitajihamisha. Kuanzia Jumatatu nitaingia stoo kwa miguu yangu, na redio yangu, nitafunga mlango, na stoo itambuliwe kuwa idara inayojitegemea, yenye kengele yake, kengele inayolia. Cherehani namba nne apewe yeyote anayependa kunong'onezwa. Binti yangu abaki na vifungo vyake na Malkia wake, asinigongee.

Ushahidi wa mwisho huu hapa. Hivi ninavyoandika ni saa ya chakula, wote wametoka. Nimetia kaseti yangu ndani ya redio, nikaweka sauti kwenye alama yako ya tatu, nikabonyeza. Tanuri inapigwa sasa hivi. Mkono mmoja unaandika, wa pili unapiga meza, kichwa nacho hakitulii. Ngoma hizo hapo. Besi hiyo hapo. Sasa solo linaingia, na nalisikia lote, jembamba, linapanda. Mtu mwenye masikio mabovu angekuwa anaandika sentensi hii?

Nifikishie salamu kwa mama wa pasi na dada zake wote. Msalimie mlinzi wa getini, mtu pekee aliyebaki ambaye hunisalimia kwa mkono. Msalimie Mkasi, lakini kwa sauti, ajifunze. Wasalimie wenye vyerehani moja hadi tatu, na tano hadi kumi na mbili. Binti yangu usimpe salamu, tunaonana nyumbani. Akikuuliza, mwambie nimeshakula.

Ni mimi, ambaye bado nipo kwenye kiti changu na bado nakuheshimu,

Fundi wa Cherehani Namba Nne.

Nyongeza: Bibi, kama umesoma kuanzia juu, pole. Anza hapa.

Nilikuwa nimemaliza kutia sahihi, bado natikisa kichwa, nilipomwona binti yangu amesimama kando ya redio. Amerudi kuchukua kastabini yake ya kidoleni. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Hakucheka. Unajua redio yetu ina milango miwili ya kaseti. Aliweka kidole kwenye mlango wa kushoto, nilikotia kaseti yangu, nikaona haizunguki. Akaweka kidole kwenye mlango wa kulia, nikaona inayozunguka. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha upande wa pili. Ilikuwa kaseti ya Malkia Pipi.

Dakika kumi na moja, Bibi, nimempigia Malkia Pipi meza. Na lile solo nimelisikia lote, kwenye wimbo ambao hauna gitaa.

Nikamwomba anipigie Tanuri yenyewe, alama ya tatu. Nikasikiliza bila kuandika. Ngoma nilizisikia. Dakika ya saba nikangoja pale ninapopajua, na solo halikuja. Niliona kwa uso wa binti yangu kwamba limekuja. Akapandisha sauti, tano, saba, hadi tisa, na hapo nikalipata, kwa mbali, kama lipo nyumba ya jirani. Yeye alikuwa ameziba masikio yake kwa viganja, na hakusogea hata hatua moja hadi wimbo ulipoisha.

Sina karatasi nyingine, ndiyo maana nakupa hii hii. Tangazo liache lilivyo. Popu ipigwe, siwezi kukihukumu kitu ambacho sijakisikia. Mkasi nitamwomba radhi mwenyewe.

Naomba ruhusa ya Alhamisi asubuhi niende kupimwa. Na binti yangu naye umpe ruhusa asubuhi hiyo hiyo. Kule huwa wanaita watu kwa majina, na anahitajika mtu wa kulisikia langu.