Jaribio la Sauti

Asali, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya ulimi wake, alikuwa na suti, alikuwa na gari, alikuwa na mchumba. Redio ya gari ndiyo hakuwa nayo. Na baba wa mchumba, mzee apendaye muziki kuliko chakula, alishatoa neno: "Kesho saa nne uje tukatembee. Gari likiwa bubu, binti humpati."

Siku hiyohiyo macho ya Asali yakatua kwenye gari la mwalimu wa udereva, mama mmoja wa miwani. Lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi yake, redio ikiimba mpaka Asali akaona wivu. Akanyoosha tai.

"Shikamoo mama. Mimi mkaguzi wa redio za magari."

Cheo hicho, msomaji, hakipo. Alikianzisha wakati anavuka barabara.

"Marahaba mwanangu. Unakagua nini?"

"Sauti, mama. Ikizidi, dereva hasikii honi wala king'ora. Wanafunzi wako watakufa huku wanacheza! Nipe nikaipime, kesho naileta."

Mama akamtazama weee, kisha akampa redio. Hata bisibisi alimwazima yeye.

Jioni Asali akaifunga kwenye gari lake. Redio ikawaka, lakini haikuimba. Ikadai namba nne za siri, kama zifanyavyo redio nyingi zikihamishwa gari. Akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, akajaribu wa mchumba. Wapi!

Asubuhi, saa nne kasorobo, akarudi na gari lake mbio, jasho linamchuruzika.

"Mama, redio ni nzima kabisa. Ila, kwa ukaguzi wa mwisho, inataka namba."

"Ninayo kichwani. Lakini simpi asiyejua kutumia redio barabarani. Stesheni unachagua lini?"

"Nikichoka na niliyonayo."

"Umefeli. Kabla gari halijaondoka! Mikono?"

"Mmoja kwenye kitufe..."

"Miwili kwenye usukani! Macho?"

"Barabarani," akajibu, karibu kulia.

"Vizuri. Limebaki jaribio la sauti, si uliniambia mwenyewe?" Mama akaketi kwenye usukani wa gari la Asali, akabonyeza namba huku ameziziba kwa kiganja. Muziki ukaja, mtamu. "Nenda kasimame pale ukutani, inua mkono. Ukiacha kusikia, shusha."

Asali akainua mkono. Gari likasogea taratibu.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama!"

Likafika konani. "Na sasa?"

"Kwa mbali!" Alijibu kwa fahari ya mtu anayefaulu mtihani.

Mama, mtu wa sheria, akawasha indiketa, akakata kona.

Saa nne na nusu mzee, aliyechoka kusubiri, akapita hapo kwa miguu na binti yake.

"We kijana, gari liko wapi?"

"Subiri kidogo, baba," Asali akanong'ona, mkono ungali juu. "Nadhani bado naisikia."

Binti akaitazama barabara tupu. Akaushika ule mkono, akaushusha mwenyewe.

"Baba, twende nyumbani."