Kofia Nyeupe na Kambi ya Huruma

Jumatatu, 4 Agosti
Binti yangu kapiga simu wakati wa mapumziko. Kanisa lao limefungua kambi ya likizo ya watoto, ila kambi yenyewe iko ndani ya simu ya bibi yake. Hakuna hema, hakuna kutoka sebuleni. Somo ni huruma. Ijumaa kila mtoto atamleta mtu wake mbele ya wenzake, kwa video, akiwa kazini. Yeye kanichagua mimi. Nikasema sawa mwanangu. Kisha nikakalia mfuko wa saruji.

Nyumbani niliwaambia mimi ni msimamizi. Mimi ni kibarua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka miwili, leo nauona mwisho wake.

Jumanne, 5 Agosti
Sikula. Hapa kazini mtu hutambulika kwa kofia: sisi njano, wasimamizi nyeupe. Nilimwomba nyapara aniazime yake nipige picha. Akaniuliza kama nataka na mke wake pia. Redio, ninayekaa naye chumba kimoja, alisikia. Jina hilo hatukumpa bure: kufika jioni vibarua wote walikuwa wananiita bosi.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango! Fundi rangi kanipa masalio ya nyeupe. Nimeipaka kofia yangu nyuma ya choo. Redio kanionya kuwa dereva wa kreni yuko juu sana, hasikii mtu wala haoni sura. Anafuata mikono ya kofia nyeupe tu. Wivu huo. Nyapara akinikamata, narudi nyumbani mikono mitupu.

Alhamisi, 7 Agosti
Rangi haikauki. Kofia niliificha chini ya kitanda, ikagandana na soksi za Redio. Kanuna. Nimeota nyapara ananiuliza cheo changu mbele ya watoto, nami nabweka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nyapara alikuwa kitini pake, anakunywa chai. Nikajibanza kando ya rundo la nondo, kofia nyeupe kichwani, simu mbele. Watoto wakajaa kwenye kioo, vichwa vidogo vidogo kama mbegu za papai. Nikawapungia. Nilipunga sana, kwa hofu.

Kivuli kikapita. Matofali yaliyokuwa yananing'inia kwenye kreni yakaanza kushuka kumwelekea nyapara. Nikapunga kumzuia dereva, naye kwa kuiona kofia nyeupe akazidi kushusha. Nyapara aliruka na kikombe chake. Kiti hakikuruka.

Mwalimu wa kambi akamwuliza binti kama huyu ndiye mtu wake.

"Ndiye," akasema. "Tuliambiwa tulete mtu wa kuhurumiwa. Baba yangu anabeba mizigo mizito, na anatuficha ili tusiumie."

Kumbe anajua! Siku zote alikuwa anaiona mikono yangu yenye sugu kwenye simu.

Nyapara akafika, akanipokonya simu. Nikajua leo ndiyo leo.

"Shikamoo mjomba," binti akamwambia. "Naomba umhurumie baba."

Watoto wote wakafumba macho kuniombea. Nyapara naye ana mtoto kwao, mbali. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanirudishia simu.

"Mshukuru mwanao," akasema. "Kama si yeye, ungelala na kile kiti."

Jumapili, 10 Agosti
Sikufukuzwa. Naosha mashine ya zege mpaka nyapara apate kiti kingine. Kila akipita nyuma yangu, roho inanitoka.

Binti kapiga. Hataki nidanganye tena. Nimemwahidi, na machozi yalinitoka ya kweli. Kisha akasema wiki ijayo watajiunga watoto wa kanisa la pili, na mwalimu angependa baba awasalimie.

Nimewaza sana. Hao wa kanisa la pili hawajui lolote.

Wahandisi huvaa kofia ya kijani. Fundi rangi anasema kijani hukauka haraka.