Shikamoo Mbele ya Kamera

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku mbaya. Nimegongana na Donatus, dereva mwenzangu, kwenye kona ya barabara ya Chato. Taa yake moja, bampa langu moja. Hakuna aliyeumia ila heshima yangu. Yeye anasema nilihama upande wangu. Mimi nimesema aliyehama ni yeye, na nimesema kwa sauti kubwa zaidi.

Shahidi hakuna. Mzee Maduhu, mwenyekiti wa kituo chetu cha teksi hapa Kalangalala, alitusikiliza huku anachokonoa meno, kisha akakata shauri. Kamati itakaa Jumapili. Atakayeonekana ni dereva mzembe atanyang'anywa nafasi yake ya kuegesha na kupelekwa nyuma ya machinjio. Nyuma ya machinjio! Huko abiria ni nzi. Mimi nafasi yangu ni namba moja, kivulini, mbele ya duka la Mzee Lalji. Mwaka wa tisa huu. Donatus, kijana wa juzi na Korola yake, anaitolea macho.

Lakini Nkwabi hashindwi. Mzee Lalji ana kamera ya video, ile ya kubeba begani. Aliinunua kwa ajili ya harusi ya binti yake Usha, na harusi bado karibu wiki mbili. Nimemwomba aniazime nikaifunge kwenye dashibodi ya Pijo langu, kamati ijionee ninavyoendesha. Amekubali, mradi nimsombee viti vya harusi kutoka Shinyanga. Nilisema sawa kabla hajataja idadi.

Jumanne, 5 Agosti

Kamera imekaa. Nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko saba. Haitikisiki. Imeziba nusu ya kioo cha mbele, lakini usalama haupatikani hivihivi.

Asubuhi niliigeuzia ndani, ili abiria nao waonekane wametulia. Kosa. Wa kwanza alikuwa broka wa dhahabu. Alipoliona lile jicho akajifunika koti kichwani, akaniuliza nimetumwa na nani. Hataki watu wajue ananunua kwenye maduara gani, yale mashimo ya wachimbaji. Akashuka gari likiwa bado linatembea. Baadaye wakapanda baba mmoja mnene na mama mmoja mwembamba. Nikamuuliza yule baba kwa adabu kabisa kama huyo ndiye mama watoto. Wakashuka kila mmoja kwa mlango wake, wakaelekea njia tofauti.

Mpaka saa kumi nilikuwa nimebeba mbuzi mmoja tu. Mwenye mbuzi alikwenda kwa miguu.

Jumatano, 6 Agosti

Malalamiko yamemfikia mwenyekiti. Tumekaa kikao cha dharura kwenye benchi la fundi viatu. Donatus alisema abiria ana haki ya kwenda anakokwenda bila kugeuzwa sinema. Nikasema dereva naye ana haki ya kuonyesha kuwa hana kosa. Mzee Maduhu akasema wote wawili tuna haki na wote wawili tunamchosha, basi itungwe sheria.

Katibu ni mimi, mwandiko wangu mzuri, nikaandika. Kwanza, kamera itazame barabara, si nyuso za watu. Pili, abiria asemeshwe kabla ya safari, naye aitikie. Tatu, kanda isionyeshwe popote ila mbele ya kamati. Nadhani ndiyo sheria ya kwanza ya kamera za magari duniani. Nimeipigia mstari mara mbili.

Donatus aliunga mkono kila kifungu. Baada ya kikao nilimwona dukani anaongea na Mzee Lalji na kuinyooshea kamera kidole. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Sheria yangu inaniua. Kila abiria ninayemweleza habari za kamera anakataa. Sita mfululizo. Nikaenda kukaa pembeni na karanga zangu, nikaisoma tena. Asemeshwe, naye aitikie. Asemeshwe nini? Haikusema! Na neno gani hapa mjini linaitikiwa hata na mtu mwenye hasira?

Abiria wa saba nikamfungulia mlango nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Ameitikia. Nikawasha kamera, tukaondoka. Nilitamani kujibusu.

Mpaka jioni, shikamoo kumi na nne, marahaba kumi na tatu. Aliyekosekana ni Bhoke, yule binti muuza vitenge. Ana miaka ishirini na miwili. Aliniuliza nimeona mvi wapi. Nikasema ni heshima tu. Akanipiga na robota la vitenge.

Ijumaa, 8 Agosti

Ajabu ya Mungu. Habari zimefika machimboni. Benjamini, mchimbaji ambaye ndevu bado hazijakubaliana zitokee wapi, alikuja na wenzake wanne. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuamkiwa na mtu mwenye gari. Nikawaamkia mmoja mmoja. Walivyoitikia! Walinyoosha shingo kama maaskofu. Tulipofika Benjamini akaomba moja ya kushukia. Nikampa.

Gari halikukaa tupu siku nzima. Donatus ameegesha anahesabu nzi.

Nyumbani, mke wangu Generosa alikuwa ameshasikia. Akaniuliza vitoto vya machimboni naviamkia, na yeye aliyenizalia watano nilimwamkia lini. Nikapiga goti pale pale jikoni, shikamoo mama. Aliitikia, halafu akacheka mpaka mwiko ukatumbukia kwenye ugali. Ugali ulikuwa mtamu sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo Donatus amepanda gari langu. Korola iko kwa fundi taa, yeye ana safari ya Chato, na nauli ni nauli. Akakaa mbele, akafunga mkanda, akanitazama. Anasubiri. Mimi nina miaka arobaini na moja, yeye ishirini na tisa.

Nilifikiria kuzima kamera. Lakini kanda ninayo moja tu, kila asubuhi narekodi juu ya jana, na hii ya leo ndiyo kamati itaitazama kesho. Nikakohoa, nikaipitisha shikamoo katikati ya kikohozi. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akaitikia marahaba ng'wanawane. Mwanangu! Nikauma meno mpaka tukatoka mjini.

Kumbe si mtu mbaya. Njiani alinisifu sana. Tulipofika kwenye ile kona akasema ukweli ni kwamba hajapata kuona dereva mwenye mikono kama yangu, ila anashangaa tu Jumatatu ilikuwaje. Basi nikamweleza, kwa Kisukuma, siri ya watu wawili. Karanga zangu zilimwagika chini, nikainama kuziokota, usukani nikaushika kwa goti. Kwa goti, kwenye kona! Nikamuuliza nani mwingine Geita nzima anaweza. Akakubali hakuna. Akaniomba nirudie ile ya goti.

Kamera ilikuwa inatazama barabara, sheria imefuatwa. Na hata hivyo ni ya Kijapani, Kisukuma itakijulia wapi.

Jumapili, 10 Agosti

Runinga ilitolewa nje barazani kwa Mzee Lalji. Kamati mbele, kituo kizima nyuma yake. Mwenyekiti alisema kama kanda ni ya kamati tu, basi wote leo ni kamati. Generosa alikuja na kiti chake.

Mwanzo mzuri mno. Barabara imenyooka, ng'ombe wamepishwa. Halafu gari likakohoa. Kikohozi changu! Kumbe kamera ina sikio. Wiki nzima niliichungulia kwenye kile kitundu chake, na kitundu hakitoi sauti. Donatus alijua, alimuuliza Mzee Lalji siku ya Jumatano. Shikamoo yangu ikasikika mara mbili, na marahaba ng'wanawane, na watu wakashikana wasianguke. Kisha ikaja kona. Wasiojua Kisukuma wakataka kutafsiriwa. Mzee Lalji, aliyezaliwa Shinyanga na anayekijua kuliko mimi, akawatafsiria yote. Ya goti alionyesha kwa vitendo.

Nikasimama. Nikasema kanda hii ni batili. Sheria inasema mtu asemeshwe, naye aitikie. Abiria alisemeshwa. Mimi dereva, ambaye sauti yangu imechukuliwa, nani alinisemesha? Dereva hana siri zake?

Mzee Maduhu akalisoma daftari, akakuna kichwa, akasema hapo Nkwabi ana hoja. Moyo wangu ukaruka. Nikaiona namba moja, nikakiona kivuli.

Donatus akainuka taratibu. Akaja mpaka mbele yangu, akavua kofia, akainama kidogo, akasema shikamoo.

Wiki nzima nimeamkia watoto wa watu, hakuna aliyeniamkia mimi. Masikio yangu yalikuwa na njaa. Nikasema marahaba.

Uwanja mzima ukapiga kelele kwamba ameitikia. Generosa ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyuma ya machinjio. Nzi wapo kama nilivyosema. Lakini saa tatu hivi alitokea Benjamini na wenzake wanane, wamenitafuta mji mzima, wanataka shikamoo zao. Nikawapa, nikajaza gari.

Mchana Mzee Lalji alinifuata mwenyewe. Tangu jana anacheka. Anataka Jumamosi niongoze msafara wa harusi ya Usha, nitangulie mbele ya gari la bibi harusi na kamera yangu kwenye dashibodi, ndugu wote waje waione kanda. Donatus atakuwa nyuma kabisa, anabeba masufuria. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia mchinjaji.

Wiki hii nimejifunza jambo kubwa: kosa lote lilikuwa la lile sikio. Nimeliziba kwa ubani wa kutafuna. Sasa naweza kusema nitakalo, na mbele ya wageni wote nitawaonyesha ile kona inavyokatwa na dereva wa kweli.

Nimeshanunua karanga za safari.