Benchi la Kukunjia Nne

Kwa Mwenyekiti wa Kamati,
Kituo cha Majani Chai, Barabara ya Bomet.
3 Juni 1996

Bwana Mwenyekiti Weldon,

Nakuandikia kwa heshima iliyobaki. Miguu yangu imechorwa vimishipa vyekundu na vya buluu kama utando wa buibui, na buibui mwenyewe ni kamati yako. Sisi akina mama tunaongoja lori la majani tumesimama tangu adhuhuri. Tunaomba benchi.

Nilipolitaja jambo hili Jumatatu iliyopita, ulinijibu mbele ya watu, ukiwa umekalia kiti pekee cha kituo: "Mama Chepchumba, mishipa hiyo inaletwa na kukunja nne, mguu juu ya mguu. Nyinyi akina mama mnakunja nne sana." Wanaume wakacheka. Mimi nikaenda zahanati kwa Sista Mongina, nikasoma kitabu chake cha afya mpaka akataka kufunga mlango. Sababu za mishipa hii ni hizi:

1. Kusimama muda mrefu. Lori unalijua linavyochelewa.

2. Kurithi. Mama yangu alikuwa nayo mishipa hii. Aliipatia wapi? Kwenye foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo hata urithi wangu umetoka kwenu.

3. Uzazi. Nimezaa saba, na wote wamechuma chai inayonunua soda za mikutano yenu.

4. Umri. Niliingia foleni nikiwa msichana. Nimezeekea hapo.

5. Kukunja nne. Sista anasema hakuna aliyethibitisha. Lakini tuseme ni kweli. Mtu anakunjaje nne akiwa amesimama? Sisi ni korongo? Tupeni benchi kwanza, ndipo mtushtaki. Tena mwenye kiti kituoni ni mmoja, na anayekunja nne kutwa ni huyo huyo. Nakuomba upandishe suruali mbele ya mkutano mkuu, tukague.

Nisalimie karani wa mizani, dereva wa lori ukimpata, na mama watoto wako, ambaye husimama nyuma yangu na ndiye aliyenishikia tochi nikiandika.

Wako kwa miguu yote miwili,
Janeffer Chepchumba

N.B. Kabla sijaituma barua, benchi limefika. Ni zuri, limepigwa randa. Tulikaa akina mama sote, tukakunja nne. Lori lilipokuja, wanaume waliokuwa wamesimama walipimiwa majani kwanza, sisi mwisho kabisa. Tangu hapo hakuna mama aliyelikalia tena. Tafadhali ongezeni mengine matatu, yawe ya wanaume, na muwahimize wakae. Kusimama ni hatari sana kwa miguu yao.